Simu imetupa asilimia 38, mnajimu ametupa miaka saba

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 29. Nina mchumba wangu wa miaka mitatu sasa, na harusi imebaki miezi minne. Nakuandikia usiku kwa sababu usingizi umenikimbia, na kwa sababu mtu ambaye huwa namwambia mambo yangu yote ndiye huyohuyo ambaye jambo hili linamhusu.

Yalianza kama mzaha. Rafiki yangu aliniwekea programu ya nyota kwenye simu. Unaingiza tarehe yako ya kuzaliwa na ya mwenzako, nayo inakupa asilimia ya jinsi mnavyoendana. Mimi nimezaliwa tarehe 21 Agosti, kwa hiyo ni Simba. Yeye ni wa tarehe 2 Novemba, Nge. Ikatoa 38. Tukacheka. Rafiki yangu akaingiza zake na za mumewe, wakapata 91. Yeye akaendelea kucheka, mimi nikaacha.

Nikaanza kusoma, na kila ninaposoma nakuta ni yeye. Nge ni msiri: mwaka jana alichukua mkopo, nikaja kuusikia kwa mdogo wake aliyeropoka tu. Mwenyewe hajanitamkia mpaka leo. Nge akiudhika hunyamaza: huyu wangu anaweza kumaliza siku tatu bila kupiga simu wala kujibu ujumbe, kisha anarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Na mimi pia nimejikuta humo. Simba hapendi kushushwa, Simba haombi radhi. Kweli siombi. Nimejaribu, neno linakwama kooni. Wanasema Simba ni moto na Nge ni maji, na moja lazima liliue lingine.

Yule rafiki akaniambia programu za simu ni mchezo wa watoto, niende kwa mnajimu anayepiga falaki hasa. Nikaenda. Hakuuliza tarehe. Aliuliza majina yetu na majina ya mama zetu, akaandika, akahesabu, akasema nyota yangu ni Ndoo na ya mwenzangu ni Ng'ombe. Mimi ni hewa, yeye ni udongo, na upepo ukikutana na udongo kinachopatikana ni vumbi. Akasema tukioana ndoa haitavuka miaka saba, na mwenye kulia nitakuwa mimi. Kisha akasema lipo la kufanya: nyota yangu imeingiwa na kivuli, ikisafishwa, zote mbili zinaweza kupatanishwa kabla ya harusi.

Nilipomgusia mchumba wangu habari za nyota (sikumwambia yote), kwanza alicheka. Nilipoendelea akaniangalia, akasema, “Kama unatafuta sababu ya kuniacha, sema.” Halafu akanyamaza siku mbili. Nge huyo.

Nampenda. Ana huruma, anajituma, hajawahi kunivunjia heshima mbele za watu, jambo ambalo yeye hawezi kulisema kuhusu mimi. Mama yangu mdogo, ambaye nilimdokezea, anasema nisipuuze. Yeye alionywa hivyohivyo, akakaidi, na leo ameachika. Sasa tukigombana hata kwa jambo dogo nasikia ile miaka saba inahesabiwa kichwani.

Je, Shangazi, nyota zinaweza kukosea? Au nisimamishe harusi kabla mambo hayajaharibika? Tafadhali usinicheke. Nusu ya malipo ya kusafisha nyota nimeshatoa, naye hajui.

Simba Asiyelala

*

Marahaba, mwanangu. Sikucheki hata kidogo. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilikuwa nikifungua gazeti kwenye ukurasa wa nyota kabla ya ukurasa wa kwanza, na sikuwa nikisoma yangu peke yake. Kulikuwa na ya mtu fulani pia, ambaye hakuwahi kujua kwamba kila Jumapili nilikuwa nikimchungulia kupitia Mshale.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilishika kalamu nikahesabu watu. Programu imewakataa Simba na Nge. Mnajimu amewakataa Ndoo na Ng'ombe. Hao ni watu wanne, na harusi ni ya wawili. Wewe umewachukua kama mashahidi wawili wanaosema neno moja, kumbe kila mmoja amekuja na mshtakiwa wake. Walichokubaliana ni hukumu tu.

Sababu ya kutofautiana kwao si siri. Simu imeangalia jua lilikuwa sehemu gani ya mwaka ulipozaliwa. Mnajimu wako hakuangalia mbingu kabisa, aliangalia karatasi. Katika hesabu ya abjadi kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake, alifu ni moja, be ni mbili, mpaka ghaini ambayo ni elfu moja. Jina lako na la mama yako hujumlishwa, jumla ikatolewa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndicho nyota yako. Maana yake ni kwamba siku ile wangekupa jina la bibi yako badala ya hili, leo ungekuwa Mizani au Kaa, na huenda usingeniandikia.

Ngoja nikuongezee shahidi wa tatu. Wanajimu wa Kihindi nao wana alama hizohizo kumi na mbili, ila hawaanzi kuhesabu mahali pamoja na hao wa kwenye simu yako. Wa simu wanaanza Punda, alama ya kwanza, siku ya Machi ambapo usiku na mchana hulingana. Wahindi wanahesabu kwa kufuata nyota zenyewe zilipo. Zamani mianzo hiyo miwili ilikuwa imekaa pamoja, lakini mhimili wa dunia unayumba polepole kama pia inayokaribia kuanguka, mzunguko mmoja kwa miaka kama 26,000, na kwa hiyo alama zimeteleza kiasi cha digrii moja kila miaka 72. Sasa pengo limefika kama digrii 24. Tarehe yako ya 21 Agosti, hata baada ya kurudishwa nyuma hivyo, inabaki Simba. Ya mchumba wako hapana. Kwa hesabu ya Kihindi jua la tarehe 2 Novemba liko Mizani, na hata mtu wa darubini atakwambia hivyohivyo: siku hiyo, nyota zilizoko nyuma ya jua ni za kundi la Mizani. Na Simba na Mizani, mwanangu, ni moto na hewa, digrii 60 kati yao, ambazo wanajimu huzisifu. Moto hauwaki bila hewa.

Unaona? Nimewapatanisha, tena bila kulipwa.

Lakini usishangilie, maana haohao Wahindi wakitaka kulinganisha wachumba hawatumii jua. Hutumia mwezi, vituo vyake 27, na vipimo vinane vyenye pointi tofauti tofauti ambazo jumla yake ni 36. Chini ya 18 wazee hukunja uso. Mwezi hukaa kwenye kituo kimoja kama siku moja tu, kwa hiyo watataka saa ya kuzaliwa. Hujaniambia saa aliyozaliwa mchumba wako na nakuomba usiende kuiuliza. Ukiipata utapata namba ya tatu, kisha utatafuta mtu wa kukuambia ipi kati ya hizo tatu ndiyo ya kweli, na huyo naye atataka jina la mama yako.

Umeuliza kama nyota zinaweza kukosea. Swali hilo watu wamelichukulia kwa uzito kuliko unavyodhani, na si maadui wa unajimu peke yao. Ptolemy, mtaalamu wa Alexandria wa karne ya 2, aliandika kwamba ndoa hudumu pale jua na mwezi wa wawili hao vinapoangaliana kwa wema. Karne kumi na nane baadaye Carl Jung, daktari wa nafsi wa Uswisi ambaye alikuwa na mapenzi na elimu hiyo, akataka kuipima. Alikusanya chati za ndoa 483. Katika fungu la kwanza la ndoa 180 alifurahi, maana mwezi wa mke kukutana na jua la mume kulijitokeza zaidi kuliko makutano mengine yote, kama wazee walivyosema. Akaongeza fungu la pili, dalili ikapungua. La tatu likaifuta. Aliyachapisha hayo yote mwaka 1952, na kwa hilo namheshimu, kwa sababu wengi wangelala na zile 180.

Halafu kuna David Voas wa chuo kikuu cha Manchester, ambaye mwaka 2007 alichukua sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2001 na kuangalia tarehe za kuzaliwa za wanandoa milioni kumi. Milioni kumi ya ndoa! Kama Simba na Nge wanakimbiana, au wanaoana kisha wanaachana upesi kuliko wengine, basi katika rundo hilo wangeonekana wachache. Hawakuwa wachache. Walikuwa wengi kama bahati tu ingewapanga. Kitu pekee kilichozidi kidogo ni wanandoa wenye nyota moja, naye akagundua kwamba hata hao wanaelezeka kwa makosa ya kujaza fomu: mtu anaandika tarehe yake, akifika kwa mwenzake mkono unarudia ileile. Utafiti huo haukupima nani analia usiku na nani analala, nikubali. Lakini ulipima hasa kile unachokiogopa, yaani nani bado yuko na nani.

Sasa hilo la “kila ninaposoma nakuta ni yeye.” Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia huko Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja ya kwake, akawaomba waseme yamewapata kiasi gani. Wakampa wastani wa alama 4.26 kwa 5. Karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale, mengi yametoka kwenye kitabu cha unajimu cha kununuliwa kibandani. Na wale hawakuwa katika mapenzi. Mtu aliye katika mapenzi, na harusi imebaki miezi minne, hujikuta hata kwenye maelezo ya dawa ya kikohozi.

Hayo ya nyota nimeyamaliza. Barua yako haikunishtua hapo.

Ilinishtua kwenye mstari mmoja uliopita mbio, kati ya Nge na Simba: mwanaume utakayeishi naye ana mkopo, unaujua tangu mwaka jana, na hujamuuliza. Hujui ni kiasi gani. Hujui aliuchukulia nini, amebakiza miezi mingapi, nani amemdhamini. Umeuweka kwenye barua kama ushahidi wa nyota, kisha ukaendelea na safari. Kwa nini hukuuliza? Nadhani najua. Kwa sababu “Nge ni msiri” lilikuwa jibu tayari, na mtu mwenye jibu haulizi. Ulipojiambia ndivyo walivyo, ulimsamehe bila yeye kujieleza, na papo hapo ukamhukumu bila yeye kujitetea. Hakuna alilofanya katika yote mawili, hakuwepo.

Vivyo hivyo kile kimya chake. Siku tatu bila kujibu ujumbe wa mtu unayetaka kumuoa ni jambo zito, mimi silifanyii utani. Kuna mtu anayenyamaza ili ghadhabu ishuke asije akatamka lisilofaa, na kuna anayenyamaza ili uumie mpaka urudi kwa magoti. Kwa mbali vinafanana. Tofauti utaijua kwa kumuuliza siku ambayo hamjagombana, mkiwa mmeshiba na mnacheka: “Ukininyamazia unakuwa unafanya nini huko?” Wa kwanza atapata la kusema, hata kwa kigugumizi. Tena mnaweza kupatana kipimo: nipe mpaka kesho jioni, kisha nitakupigia. Wa pili atakwambia kosa ni lako kuuliza. Ukipata huyo wa pili niandikie upesi, na safari hiyo sitakuwa na maneno mengi.

Na wewe Simba usiyeomba radhi. Duniani kuna zaidi ya watu milioni 600 waliozaliwa kati ya mwishoni mwa Julai na wiki ya tatu ya Agosti. Wote hao hawajawahi kusema “nisamehe”? Umeandika mwenyewe kwamba humheshimu mbele za watu kama anavyokuheshimu. Sentensi hiyo ni ya kweli kuliko zote ulizosoma kwenye programu, na hukuipata kwenye programu. Neno linakwama kooni kwa sababu halijazoea njia. Anza na madogo.

Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na nitakuonyesha lako kwa upendo. Umemlalamikia kwa kimya cha siku tatu. Kimya chako kuhusu ule mkopo kina mwaka. Umemwita msiri kwa fedha alizochukua bila kukwambia. Mstari wako wa mwisho kabisa, ulioandikwa kama mtu anayetupa kitu dirishani, unasema umetoa fedha kwa mnajimu naye hajui. Kati yenu wawili, Nge ni yupi?

Nije kwa huyo mnajimu. Sina ugomvi na mzee anayepiga falaki barazani, akakwambia siku njema ya kusafiri, ukamshukuru ukaenda zako. Lakini mtu anayekuambia una ugonjwa usioonekana, kisha dawa yake iko mfukoni mwake, na ugonjwa wenyewe hauwezi kupimwa na mwingine yeyote, huyo ana biashara. Tazama alivyoipanga. Mkikaa zaidi ya miaka saba, ni kwa sababu alisafisha. Mkiachana, ni kwa sababu ulitoa nusu. Yeye hapotezi popote. Na kama nyota ni mambo yaliyoandikwa mbinguni, kitu gani kinazifanya zibadilike kwa malipo? Usimpelekee nusu ya pili. Ile ya kwanza isahau, wala usirudi kuidai. Ukirudi atagundua kivuli kingine.

Mama yako mdogo simlaumu. Ameachika na anatafuta mahali pa kuliweka jambo hilo, na nyota ni mahali pazuri, hapamlaumu yeye wala aliyekuwa mumewe. Ila jiulize ni wanawake wangapi walioonywa, wakakaidi, na sasa wanazeeka na waume zao wakigombania blanketi. Hao hawana kisa cha kusimulia. Nani atakuja kukwambia “mimi niliambiwa nitaachika na sikuachika”? Ameshasahau kama aliambiwa.

Ila kuna jambo moja la ile miaka saba ambalo naliogopa kweli, na si nyota. Huko Japani kuna mwaka unaorudi kila baada ya miaka 60, wanauita wa Farasi wa Moto. Imani ya zamani ilisema mwanamke aliyezaliwa mwaka huo ni mkali na atafupisha maisha ya mumewe. Mwaka 1965 walizaliwa watoto kama milioni 1.82. Mwaka 1966, wa Farasi wa Moto, wakazaliwa kama milioni 1.36, robo nzima imepungua. Mwaka uliofuata wakapanda tena kupita milioni 1.9. Hakuna nyota iliyomzuia mtu kuzaa. Wazazi waliogopa kuwa mabinti zao watakosa waume, na waliogopa hivyo kwa sababu walijua watu wengine nao wanaogopa. Hofu ilifanya kazi yote peke yake. Hicho ndicho ninachokiona kwenye barua yako: kila mkigombana unahesabu. Mwanamke anayehesabu anaanza kujilinda. Anaweka akiba ya siri, anaacha kusema ya moyoni, anamwangalia mwenzake kama mgeni aliyebakiza siku chache. Mwenzake ataona. Ameshaona, ndiyo maana alikuuliza kama unatafuta sababu ya kumuacha. Wewe ulisikia Nge. Mimi nilisikia mtu aliyeumia.

Sasa swali lako la kusimamisha harusi. Kwa ajili ya 38 na kwa ajili ya vumbi la hewa na udongo, hapana. Lakini sitakwambia funga macho uolewe. Miezi minne inatosha kuzungumza mambo matatu, na kama hayatazungumzika, harusi inaweza kusogezwa mbele na hakuna aliyekufa kwa hilo. Mkopo ndio wa kwanza. Akikataa kuufungua, akikwambia fedha zake hazikuhusu wakati mnakwenda kula sufuria moja, hapo utakuwa na sababu, nawe utaisema kwa jina lake mbele ya wazazi wako bila kumtaja Nge.

Anza wewe. Ukianza na mkopo wake atajihisi amekamatwa. Anza na kosa lako, lile la mstari wa mwisho: “Nilikwenda kwa mnajimu, nikalipa, sikukwambia. Nisamehe.” Litakwama, lisukume. Kisha: “Na mkopo wako naujua tangu mwaka jana, nimekaa nao kimya. Nataka leo tuambiane.” Halafu nyamaza umsikilize, hata akichukua muda. Kumbuka ni mtu wa kuchukua muda. Asipojibu usiku huo mpe mpaka kesho jioni, kwa kumwambia kwamba unampa mpaka kesho jioni.

Ile programu kama inakufurahisha usiifute. Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa Mbuzi na Punda, robo ya duara kati yetu, pembe mbaya kuliko zote kwa hao wenye kujua, na tulikuwa tukisomeana za wiki kwa sauti na kuzifanyia mzaha. (Ndoa moja si ushahidi, najua, nimetoka kukusifia milioni kumi.) Kilichonichosha kwake hakikuandikwa kwenye nyota yoyote: alikuwa hawezi kupita duka bila kununua kitu cha mkopo, na mimi nilichelewa miaka sita kumuuliza kwa nini.

Niandikie ukishazungumza naye. Tarehe zenu ninazo, sizihitaji tena. Nataka kujua alisema nini kuhusu ule mkopo.

Shangazi yako